Blauzi ya Mkono Mmoja

Kamati ya Ukumbi wa Jamii, Nakuru, ilipoketi mwezi wa Novemba 1979, iliridhika kwa kauli moja kwamba picha ya mtambo mpya wa video haipungukiwi na kitu chochote kilichomo katika filamu yenyewe. Kwa kuwa haipungukiwi na kitu, projekta ya ukumbi haikuwa na kazi tena, nazo filamu za zamani zilizolala ndani ya makopo yake chini ya jukwaa zingepewa mkulima yeyote wa ngano atakayezihitaji kufukuzia ndege. Tangazo lilipigwa chapa kwa wino wa zambarau, likatiwa sahihi na mwenyekiti, Bwana Kanji, muuzaji wa mabati, rangi na misumari, kisha likapigiliwa mlangoni pa ukumbi kwa misumari minne kutoka dukani kwake.

Sarla, fundi wa nguo, alilisoma akiwa na pini mdomoni. Hakusema neno. Waliokuwapo waliona kwamba amekubali, kosa ambalo mtu yeyote aliyewahi kushonewa na Sarla asingelifanya.

Alizaliwa Gilgil, nyuma ya duka la baba yake lililouza sabuni na viatu vya turubai kwa askari wa kambi. Aliolewa Nakuru, akafiwa na mume mapema, akabaki na cherehani, veranda moja karibu na soko, na tabia ya kutomwachia mtu neno la mwisho. Jamaa walimwonya kwamba tabia hiyo itamfukuzia wateja. Kweli ilimfukuzia wachache, nao wakarudi, maana hakukuwa na mwingine mjini aliyejua kushona blauzi ya sinema.

Miaka ile ya sitini, filamu ya Kihindi ilifika Nakuru ikiwa imechelewa sana na ikiwa na haraka ya kuondoka. Jumapili ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Wazee mbele, akina mama nyuma na chupa zao za chai, watoto sakafuni, na njugu kila mahali. Watu walilia kwa pamoja na kupiga mbinja kwa pamoja. Jumatatu asubuhi wanawake walikuwa kwenye veranda ya Sarla kabla hajatoa kifuniko cha cherehani.

"Nataka ile ya kisimani."

"Nami nataka ile aliyovaa akilia."

"Alilia mara nyingi," Sarla alijibu. "Sema alilia akiwa na nani."

Shida ni kwamba filamu haimngoji fundi. Mwigizaji anapita, anageuka, anaimba, amekwenda. Jicho likikaa kwenye shingo ya blauzi, pindo la sketi limepotea. Ndiyo sababu Sarla aligawana kazi na Chepngeno, mwanamke wa Londiani aliyekalia cherehani ya pili pale verandani, naye alikuwa na ulimi mkali sawa na wa Sarla mwenyewe. Mgawanyo ulikuwa hivi: kuanzia kiunoni kwenda juu, Sarla. Kuanzia kiunoni kwenda chini, Chepngeno. Walikaa safu ya nyuma bega kwa bega, kila mmoja akitazama nusu yake, na filamu ilipokwisha waliunganisha.

Kwa mkataba huo Chepngeno aliona filamu nyingi kuliko karibu kila mtu Nakuru bila kuujua uso wa mwigizaji hata mmoja. Aliwatambua kwa visigino.

"Huyu mwizi ni yule daktari wa mwaka jana," alinong'ona siku moja. "Angalia hicho kidole gumba."

Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu picha ilikuwa kubwa na nyeusi yake ilikuwa nyeusi kweli. Kwenye pazia jeupe la ukumbi kiganja cha mwigizaji kilikuwa na ukubwa wa mlango, na uzi ukichomoka kwenye pindo, safu ya nyuma iliuona. Sarla hakusifu filamu kwa hadithi yake. Hadithi zote zilikuwa moja, alisema, mtu amepotezana na mamake sokoni. Alisifu filamu kwa nyuzi. Ukiweza kuona nyuzi, picha ni nzuri. Usipoziona, mengine ni maneno ya wanaume.

Iliyozidi zote ilifika mwaka 1962: binti mfinyanzi anayeolewa na mfalme, nyeusi na nyeupe, ngoma nyingi, tembo mmoja. Aliyeiagiza alifilisika, nayo ikabaki chini ya jukwaa kama mgeni aliyekosa nauli. Katika tukio la barazani, binti anasimama mbele ya mfalme akiwa amevaa blauzi ya mikono mirefu iliyodariziwa kuanzia bega hadi kifundo cha mkono. Tangu mwaka huo, nusu ya mabibi harusi wa Kigujarati wa Nakuru waliolewa ndani ya blauzi hiyo. Na kwenye pindo la kila mkono, Sarla alidarizi tausi wawili wadogo wanaoangaliana, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye filamu. Alikuwa tayari kuapa. Mara kadhaa aliapa.

Lakini ilikuwa miaka mingi tangu filamu hiyo ionyeshwe. Familia zilikuwa zimehama, hii kwenda London, ile Leicester, na viti vya ukumbi vilibaki vimepangwa kama vinavyongoja basi.

Sasa Hansa, binti wa Kanji, alikuwa anaolewa Desemba mwanzoni. Alifika verandani na kitambaa cha hariri nyeupe chenye pindo jekundu, kile wanachovaa mabibi harusi wa kwao.

"Sarlaben," alisema, kama Wagujarati wanavyomwita dada kwa heshima, "nataka ile ya barazani. Lakini ile yenyewe ya kwenye filamu. Binamu yangu yake ina maua, ya dada yake ina majani. Kila mwaka inabadilika."

"Haibadiliki," Sarla alisema.

"Mama, inabadilika," Chepngeno alisema bila kuinua macho.

Sarla aliiweka hariri chini. Hakuna kitu kilichomkera kama hicho, na hakuna kitu kilichomtia hofu kama hicho. Maana kama yale makopo yangepelekwa kwenye ngano, mtu yeyote angeweza kusema kwamba blauzi ya Sarla ilitoka kichwani kwa Sarla, na kazi yake ya miaka kumi na saba ingekosa shahidi.

Alifunga veranda akaenda duka la Kanji.

"Kanjibhai, niwashie projekta mara moja tu. Ile ya mfinyanzi. Naangalia mkono wa blauzi, halafu wape ndege."

"Sarlaben, tangazo limetoka."

"Nimeliona. Misumari yake ni mikubwa kuliko maneno."

"Kaseti ya filamu hiyo hiyo ninayo, imetoka London wiki jana. Jumapili njoo nyumbani uione. Utakaa kwenye kochi, utakunywa chai, picha safi kama maji. Ya nini kukaa ukumbini na baridi? Na Mzee Kimaiyo wa Mau Narok ameshakuja kuyaulizia makopo. Ngano yao huko juu huchelewa, na ndege wanaimaliza."

"Kwa hiyo binti mfinyanzi atafukuza ndege."

"Kila mtu na kazi yake," alisema Kanji.

Si kwamba Kanji alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenyekiti. Mwaka uliopita alikuwa amesimama jukwaani sikukuu ya Diwali akahutubia viti, na hakutaka kurudia. Ukumbini watu ishirini ni aibu; sebuleni watu ishirini ni karamu. Alikuwa ameifanya hesabu hiyo peke yake, na badala ya kuisema akanunua video.

Jumapili alasiri sebule ilijaa. Sarla alifika na Chepngeno, kwa sababu hakutazama picha bila nusu yake ya chini. Pritam, Singh mwenye karakana ya malori karibu na reli, ambaye kwa miaka yote ndiye aliyeiendesha projekta ya ukumbi, alikaa kwenye kiti cha mlangoni akiwa amekunja mikono, kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya mchumba wake wa zamani.

Televisheni mpya ilikuwa imebarikiwa asubuhi, kama inavyobarikiwa kila mashine mpya inapoingia nyumba hiyo. Ilikuwa imevikwa taji la maua, ubani ulifuka kando yake, na mke wa Kanji alikuwa ameitia kwa kidole gumba alama ya poda nyekundu, na juu ya alama akabandika punje chache za mchele. Gari huwekewa alama hiyo kwenye boneti. Cherehani ya Sarla yenyewe ilikuwa nayo ubavuni. Tatizo la televisheni ni kwamba haina boneti. Mama huyo aliiweka pale palipo pana na safi, yaani katikati ya kioo.

Kanji akasukuma kaseti. Mtambo ukaguna. Picha ikatokea.

"Aaah!" walisema wazee.

Ilikuwa ndiyo ile filamu, kwa namna ambayo chai ya tatu kutoka majani yale yale bado ni chai. Kilichokuwa cheusi kilikuwa cha kijivu. Kilichokuwa cheupe kiling'aa hadi nyuso zikafanana na mikate isiyookwa. Picha yenyewe ililala upande, na ukingo wake mmoja haukuwapo. Pritam aliisoma mara moja: mtu huko London aliitundikia filamu shuka ukutani, akasimamisha kamera ya video pembeni, akaiacha irekodi akaenda kula.

"Hii si filamu," alisema. "Hii ni mtu anaangalia filamu."

"Sardarji, nyamaza, watu wanaburudika," alisema Kanji.

Katikati ya kila kitu palikuwa na doa jekundu lenye punje za mchele. Lilikaa kwenye kifua cha mfalme. Tembo alipopita lilikaa kwenye tembo. Kila mtu aliliona, na hakuna aliyethubutu kulifuta, kwa sababu baraka haifutwi kwa leso, na hasa haifutwi mbele ya aliyeiweka. Kanji, aliyekuwa amekaa mbali na miwani yake ikiwa dukani, aliinama mbele kwa furaha.

"Mmeona? Hata rangi wameongeza kidogo!"

Hakuna aliyemsahihisha. Alikuwa mwenye nyumba, na samosa zilikuwa bado zinakuja.

Tukio la barazani lilipofika, Sarla aliinuka akasogea hadi kwenye kioo, akavuta futi yake ya kitambaa kutoka shingoni, akampima binti mfinyanzi.

"Inchi tano," alisema. "Ukumbini alikuwa mrefu kumshinda Pritam na kilemba chake."

"Sarlaben, unatuzibia!"

"Siwazibii. Hakuna kitu. Darizi iko wapi? Naona ukungu. Mkono wa kulia uko wapi?"

"Anao!" alisema Kanji.

"Basi umebaki London."

Ni kweli. Binti alisimama ukingoni mwa picha, na ukingo ulimkata begani. Kabla Sarla hajamaliza kukodoa macho, kichwa cha mtu kikainuka kutoka chini ya picha, kikubwa, cheusi, na masikio yake mawili. Mtazamaji fulani huko London alikuwa ameamka kwenda msalani. Kichwa kikakaa tumboni kwa binti mfinyanzi kwa muda mrefu, kwa maana mwenyewe alikuwa anatafuta viatu.

"Chepngeno," Sarla aliita, "wewe umepata nini?"

"Mimi leo sina kazi, Mama. Huyu amekatwa kiunoni. Hata kisigino sijaona."

Watu walicheka. Kanji hakucheka. Alisimama akaweka mkono juu ya televisheni, kama mtu anayeapishwa.

"Kamati imeketi, kamati imeangalia, kamati imesema. Picha hii haipungukiwi na kitu chochote. Wewe unataka kushona au unataka kubishana?"

Sarla aliizungusha futi shingoni polepole.

"Haipungukiwi na kitu?"

"Hata kimoja."

"Nishone kama ilivyo hapo?"

"Shona kama ilivyo hapo!"

"Mmesikia wote," Sarla alisema, akawageukia waliokaa. "Samosa ni nzuri. Kwaherini."

Njiani, walipofika sokoni, Chepngeno alimsimamisha Sarla.

"Mama, usifanye hivyo unavyofikiri."

"Sijafikiri kitu."

"Umefikiri. Naona unavyotembea. Hiyo ni hariri ya harusi, na huyo ni mwenyekiti. Watakufukuza mji huu urudi Gilgil kuuzia askari sabuni."

"Mteja amesema nishone kama ilivyo. Mimi ni fundi. Mimi ni nani hata nimkatalie mteja?"

"Kwani umeanza lini kukubali mteja?"

"Leo," alisema Sarla.

Akaikata hariri kesho yake. Wanaosimulia habari hii huwa wanadhani alishona ovyo ili kumkomoa mtu. Hawakumjua. Hakuna blauzi aliyoishona kwa uangalifu kama ile. Mkono wa kushoto aliujaza ukungu wa nyuzi za kijivu za aina nne zilizofifia moja ndani ya nyingine, bila ukingo, bila ua, bila jani, na ilimchukua usiku na mchana kuuzuia usifanane na kitu chochote. Upande wa kulia, pale bega linapoishia, aliikunja hariri kwa mshono ulionyooka kama rula, na hapo palikuwa mwisho. Tumboni alitia mahameli nyeusi yenye umbo la kichwa, masikio mawili, hata kipande cha kola. Na katikati ya kifua, kwa uzi mwekundu, doa la ukubwa wa kidole gumba, na ndani yake punje za mchele kwa uzi mweupe, kila punje na ncha yake.

Kitambaa cha mkono wa pili, pamoja na hariri iliyobaki ya kutosha blauzi nzima, alikikunja akakifungia kabatini. Alikuwa mkaidi. Hakuwa mwendawazimu.

Alipomaliza, Chepngeno aliinua blauzi juu akaiangalia kwa muda.

"Woi," alisema. "Na imeshonwa vizuri, hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Waliipeleka Alhamisi alasiri, wakati kamati imeketi sebuleni kwa Kanji kupanga viti vya harusi. Sarla aliiweka juu ya meza katikati ya vikombe akaifungua kama anayefungua bendera.

Mke wa Kanji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona.

"Mkono mwingine uko wapi?"

"Haukuwapo."

"Na hiki cheusi?" aliuliza Kanji, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda.

"Huyo ni bwana aliyekwenda msalani. Sikumjua jina."

"Sarlaben! Umeharibu hariri ya binti yangu!"

"Nimeharibu? Sema ni uzi gani hauko kwenye picha yako. Nionyeshe mmoja, nitaula hapa hapa na chai."

"Picha ni safi! Fundi ndiye mbovu!"

"Basi iweke tena. Tupime."

Kanji aliiweka, kwa sababu watu wote walikuwa wanamwangalia, na kwa sababu aliamini. Hilo linafaa lisemwe: aliamini kabisa. Akasogeza mbele hadi barazani. Hansa alichukua blauzi, akapiga magoti mbele ya televisheni, akaishikilia kando ya kioo. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Ukungu kwa ukungu. Doa kwa doa. Kichwa kikainuka kwenye picha, na masikio yake yalikuwa yale yale.

"Baba," alisema Hansa, "ndiyo hiyo hiyo."

"Hukuangalia vizuri. Hebu rudisha."

Wakarudisha. Wakaangalia. Wakarudisha tena. Kanji alitaka isimame pale pale kwenye mkono, akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Mtambo ukaguna, ukakohoa, kisha ukanyamaza na kuanza kutafuna. Walipofanikiwa kuufungua, tumbo la kaseti lilitoka nje lote, utepe mwembamba wa kahawia, mita kwa mita, juu ya zulia.

"Inajirekebisha," alisema Kanji.

Hansa alisimama, blauzi mkononi.

"Mimi siolewi na mkono mmoja, Baba. Na siolewi na huyu bwana tumboni. Ama picha ina upungufu, na Sarlaben anaonyeshwa ile kubwa ashone upya. Ama haina upungufu, na nitaivaa hii hii mbele ya wageni wote kutoka Leicester. Wewe ndiye mwenyekiti. Chagua."

Kanji aliangalia kamati. Kamati iliangalia zulia. Mtu asiye mwenyekiti angesema nimekosea, akamiminiwa chai nyingine, mambo yakaisha. Mwenyekiti ana njia ndefu zaidi. Alifikiri, akakohoa, akasimama.

"Kamati haibadilishi tangazo," alisema. "Lakini mali ya jamii haitolewi bila kujaribiwa. Jumamosi alasiri projekta itafanyiwa majaribio ya mwisho. Anayetaka kushuhudia majaribio, mlango uko wazi."

Waliotaka kushuhudia majaribio walikuwa wengi. Walikuja na chupa za chai na njugu. Pritam alikuja amevaa kilemba kipya cha samawati, akasugua lenzi kwa pumzi yake na shati lake, akaupitisha mkanda kwenye magurudumu kwa vidole vilivyojaa makovu ya injini. Mzee Kimaiyo, aliyeteremka kutoka Mau Narok kuchukua makopo yake, aliambiwa angoje kidogo. Akakaa safu ya mbele na gunia magotini.

Madirisha yakafunikwa. Mwanga ukapiga pazia.

Filamu ilikuwa imezeeka. Mistari ilinyesha juu yake kama mvua ya mlima Menengai, mahali fulani mfalme aliruka kutoka kiti cha enzi hadi mlangoni bila kupita katikati, na sauti ilikuwa na mafua. Lakini nyeusi ilikuwa nyeusi. Binti mfinyanzi alipoingia barazani alikuwa mzima, mrefu kuliko mlango wa ukumbi, ana mikono miwili, na darizi yake ilisimama uzi mmoja mmoja kama ngano iliyokomaa. Safu ya nyuma, mtu alivuta pumzi. Sarla alisogea mbele kwenye njia ya katikati, hatua baada ya hatua, macho kwenye pindo la mkono wa blauzi.

Kwenye pindo palikuwa na majani. Majani mazuri, yaliyojipinda, pindo lote. Mkono ukageuka, mkono wa pili ukainuka. Majani.

Hapakuwa na tausi.

Pritam, bila kuombwa, alirudisha gurudumu nyuma akaonyesha tena. Picha ilikuwa safi mno. Kila mtu aliona vizuri sana kwamba tausi hawapo.

"Sarlaben," Kanji aliita kutoka gizani, na sauti yake ilikuwa imepata nguvu mpya. "Wale tausi?"

Sarla hakuondoa macho kwenye pindo.

"Wamechakaa," alisema.

"Wamechakaa! Majani yamebaki, tausi wamechakaa?"

"Tausi ni wepesi."

Ukumbi mzima ukacheka, na haukuwa wa watu ishirini.

"Kwa hiyo hata filamu inapungukiwa!" alisema Kanji. "Kubali!"

Sarla aligeuka. Mwanga wa projekta ulimpiga usoni, na mistari ya filamu ikamnyeshea sari nzima, naye hakukwepa.

"Nimekubali. Yangu inapungukiwa na tausi, Kanjibhai. Yako inapungukiwa na mwanamke."

Alirudi safu ya nyuma, akakaa kwenye kiti chake kando ya Chepngeno. Filamu iliendelea. Baada ya wimbo mzima alimwinamia.

"Wewe uliwaona? Mwaka ule?"

"Mimi nilikuwa chini ya kiuno, Mama."

"Najua. Nauliza tu."

"Lakini wale ndege wako ni wazuri," Chepngeno alisema. "Hao waliotengeneza filamu wangekuuliza, wangewaweka."

Makopo ya siku hiyo yalipokwisha na madirisha kufunguliwa, Mzee Kimaiyo alibaki amekaa. Gunia lilikuwa bado tupu.

"Huyu msichana," alimuuliza Pritam, "si bado kuna kopo moja? Alipata mamake au hakupata?"

"Hilo la mwisho ni la Jumapili ijayo, mzee."

"Basi hayo makopo yaacheni kwanza." Alilikunja gunia. "Lakini ndege hawangoji. Hamna kitu kingine kinachong'aa?"

Kanji alifikiri. Kisha alimpeleka nyumbani kwake akamjazia gunia utepe wa kahawia, mita kwa mita. Kimaiyo aliufunga kwenye vijiti kutoka ukingo hadi ukingo wa shamba lake, na baadaye alileta habari kwamba upepo wa Mau ukiupiga unavuma kama nyuki, na ndege hawasogei. Alisema ni kitu bora sana. Kanji aliipokea sifa hiyo kwa niaba ya kamati.

Sarla naye alilifungua kabati lake. Alimuuliza Hansa kama anataka majani au tausi, akitamka neno majani kama mtu anayetamka jina la ugonjwa. Hansa alifikiri kidogo, akasema ile yenyewe ya kwenye filamu ameshaiona, sasa anataka ya Sarlaben.

Majaribio ya mwisho ya projekta yaliendelea kila Jumapili hadi mwaka ukaisha, na mengine yakapangwa kwa mwaka uliofuata. Tangazo halikufutwa. Lilikaa mlangoni kwenye misumari yake minne, likisema kwamba picha ya video haipungukiwi na kitu chochote, na wageni kutoka Leicester walilipita wakiingia ukumbini kwa harusi.

Blauzi ya bibi harusi ilikuwa na mikono miwili.